Mtama wa Ardhi Nyeupe

Nikisema "Kale", nyinyi itikieni "Ilikuwepo". Na mwitikie kama watu walioshiba, maana mmekula, nimewaona. Kale.

Ilikuwepo.

Kale ya kale, babu wa babu yangu hajaota jino, na fisi bado anaona haya kuwapita watu bila salamu. Sogeeni huku, mvua inarusha maji mlangoni. Na wewe unayemvuta ndama mkia, mwache, naye kaja kujikinga mvua kama wewe.

Basi hapo kale palikuwa na kijiji cha watu wa tembe, nyumba za udongo zenye paa bapa kama hii yetu, chini ya vilima vya mawe. Mto ulipita upande wa chini. Kando ya mto udongo ulikuwa mweusi, mzito, hata ukichomeka fimbo inachipua. Lakini ukiupa mto kisogo ukatembea kidogo, udongo ulibadilika ukawa mweupe. Wakati wa kiangazi ulitoa unga juu yake kama miguu ya mtoto asiyepakwa mafuta, na unga ule ulikuwa chumvi. Pale hapakuota kitu ila vijani vifupi vya kuliwa na mbuzi. Watu wale waliitumia ardhi nyeupe kwa mambo mawili tu. Wanawake waliikwangua chumvi, na wanaume waliwazika wafu huko, kwa sababu nani apoteze udongo mweusi kwa kuchimba kaburi?

Sasa shikeni desturi yao moja, maana mkiikosa hiyo mtapotea njiani na kuanza kunisumbua kwa maswali. Kijiji kizima mbegu ilikaa kwa mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa Mzee Msanjila, na kabla yake baba yake, na kabla ya baba yake babu yake. Kila mavuno Msanjila alichagua masuke ya mtama yaliyonenepa kuliko yote katika shamba lake la mtoni, akayatundika juu ya moto yakapigwa moshi, fukusi wasiyaguse. Mvua zikikaribia, kila nyumba ilikuja na kibuyu. Msanjila alitia mbegu kwa mkono wa kulia, akasema maneno ya wazee, na wewe ukapokea kwa mikono miwili. Mtama wa nyumbani kwako ulikuwa chakula, basi. Ukipanda punje uliyoivuna mwenyewe, umewatukana wazee waliolala. Hivyo ndivyo walivyoamini, na wala hawakuwa wajinga. Walikuwa watu kama sisi, na sisi tunayo yetu.

Katika kijiji hicho alikuwepo mwanamke jina lake Nyemo. Kazi yake ilikuwa chumvi. Alikwangua udongo mweupe, akautia kwenye chungu chenye matundu chini, akaumiminia maji, yakachuruzika, akayachemsha mpaka ikabaki chumvi. Kuna wapika chumvi wengi, ila Nyemo alikuwa na ulimi. Aliuramba udongo kidogo tu, akatema, akasema, "Hapa tupite, hapa pana chumvi ya kutosha kitoweo cha siku mbili tu." Wenzake wakicheka, wakichemsha, inakuwa ileile aliyosema.

Nyemo alikuwa na mume, akafa kwa homa, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Mwendwa, wa umri wa kuanza kubeba kibuyu kidogo cha maji. Matanga yalipoisha, akaja shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Huyu aliitwa Chilewa. Alikuwa na wake wawili, ng'ombe wengi, na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kukuchukua. Wewe na mtoto."

"Ahsante, shemeji," Nyemo akajibu, "lakini nitabaki hapa hapa."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Chilewa akacheka. Hakukasirika, akacheka tu, na hiyo ni mbaya zaidi. Kwa sababu desturi ilimruhusu mjane kukataa, ila ilimpa sharti. Anapewa shamba na ukoo wa mumewe, anapewa mavuno matatu. Vuno la tatu wazee wanakuja kupima ghala lake. Ndani ya kila ghala kulikuwa na alama, mstari wa udongo mwekundu. Mtama ukifika mstarini, mjane ni mwenye nyumba, hakuna wa kumgusa. Usipofika, nyumba inavunjwa, yeye anarudi kwao, na mtoto anabaki kwa ukoo wa baba.

Mnasikia? Mtoto anabaki. Kwao Nyemo kulikuwa nyuma ya vilima, mwendo wa siku nne. Mwendwa angekulia kwa Chilewa, akichota maji ya wake wawili, na mama yake angemsikia kwa wapita njia.

Na mnadhani Chilewa alimpa shamba gani? Kamba hukatikia pembamba. Alimpeleka ng'ambo ya mwisho wa udongo mweusi, akasimama katikati ya weupe, akazungusha mkono. "Shamba lako ndilo hili. Kubwa, eh? Wala hakuna magugu." Na kaburi la mdogo wake lilikuwa pale, hatua chache tu, udongo haujatulia bado.

Mwaka wa kwanza Nyemo alikwenda na kibuyu chake kama watu wote. Msanjila akamtilia mbegu, akamsemea maneno. Nyemo akainua matuta, akapanda juu ya matuta, kama watu wote. Mvua ikanyesha. Mtama ukaota, Nyemo akamwita Mwendwa waje watazame. Baada ya siku kumi na tano ncha za majani zikaungua. Baada ya mwezi shamba lilikuwa la rangi ya majivu.

Nyemo alikaa juu ya tuta akalia. Alilia kwa sauti, hakujificha, mpaka mama mkwe wake akamsikia akaja. Bibi huyu aliitwa Matika, mama yao Chilewa na marehemu, mzee wa fimbo mbili. Hakusema pole. Alisema, "Ukimaliza, kuna mabua yamesimama kule. Macho yangu mabovu, lakini nahesabu saba."

Nyemo akafuta pua akaenda. Kweli, saba. Mafupi, membamba, suke la kila moja halizidi kidole gumba. Lakini yalikuwa hai, katikati ya mizoga.

Sasa mimi na nyinyi tungefurahi tukaenda zetu. Nyemo alikuwa mtu wa kuramba vitu. Aling'oa bua lililokufa akatazama mizizi: mifupi, ncha zake nyeusi kama zimechomwa. Kisha akachimbua pembeni mwa bua lililo hai, taratibu, asiliue. Mzizi ulikwenda chini, ukaendelea kwenda, mkono wake ukaishia begani na mzizi haujaisha. Akachukua jani la chini la bua lile hai, jani lililokwisha kunyauka, akalitafuna. Akatema upesi. Lilikuwa na chumvi kali kuliko udongo wenyewe. Akakata jani la katikati, akatafuna: chumvi kidogo. Akachana jani changa kabisa lililofunika suke. Lilikuwa tamu.

"Mama," akamwambia Matika, "njoo uonje."

"Sina meno ya kutafuna majani."

"Ramba basi."

Bibi akaramba la chini, akakunja uso. Akaramba la juu. Akaliramba tena.

"Unaona bua linavyofanya?" Nyemo akasema. "Chumvi imeingia, bua halikuweza kuizuia yote. Ila limeipeleka kwenye majani ya zamani. Limeyaacha yafe na chumvi yao, ili mtoto wa juu asionje."

Bibi Matika alimtazama mkwewe, halafu akamtazama Mwendwa, aliyekuwa anacheza na mabonge ya udongo. "Kuna watu wanaishi hivyo," akasema.

Nyemo aligundua na jambo jingine, na hili halikutoka kwenye mtama, lilitoka kwenye kazi yake. Mpika chumvi anajua kwamba maji yakikauka chumvi hupanda, na hupanda mpaka pa juu kabisa. Juu ya tuta. Akaramba udongo wa kilele cha tuta, akaramba wa ubavuni. Kileleni ulimi uliwaka, ubavuni ulitulia. Miaka yote watu waliomtangulia, kama walijaribu, walipanda mbegu pale pale chumvi inapokuja kuketi.

Basi akavuna yale masuke saba. Unga wake usingetosha uji wa kuku. Hakuyasaga. Akayatundika juu ya moto wake mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mmenyamaza. Mnajua amefanya nini. Vizuri, kumbe mnasikiliza.

Kiangazi kile waliishi kwa chumvi. Kipande cha chumvi kwa kibaba cha mtama, kwa mlenda, kwa maziwa ya jirani. Siku nyingine Mwendwa alilala na mlenda mtupu. Bibi Matika alikuja na bakuli chini ya kaniki, akidai ni mabaki. Mabaki gani yana moto? Lakini heshima ina namna zake za kuingia nyumbani kwa mtu.

Mwaka wa pili mvua zilipokaribia, watu walipanga foleni kwa Msanjila na vibuyu vyao. Nyemo hakwenda. Aliiacha mvua ya kwanza inyeshe bure, iisukume chumvi chini. Ya pili ilipokuja akapanda ubavuni mwa matuta, punje mojamoja, kwa kidole, na samadi aliyookota njia ya ng'ombe. Mtama ukaota. Baada ya mwezi nusu ilikufa. Nusu ilisimama. Nusu, wajukuu zangu, mahali ambapo mwaka jana yalisimama mabua saba.

Chilewa hakuwa kipofu. Siku hiyo hiyo alipoona kijani kwenye weupe, alikwenda kwa Msanjila, na kesho yake Nyemo akaitwa uani kwa mzee mbele ya watu.

Mzee Msanjila alikaa kwenye kigoda. Msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu mwaminifu, mkavu, aliyeipenda mbegu kuliko chakula chake. Nyemo akapiga goti. "Mbukwa, baba," akaamkia.

"Mbukwa, mwanangu. Mwaka huu sikuiona mikono yako."

"Sikuja, baba."

"Na umepanda."

"Nimepanda."

"Mbegu ya nani?"

"Yangu."

Watu wakaguna. Chilewa akasimama. "Amekiri mwenyewe. Wazee wametukanwa, mvua ikikatika tutajua kwa nani. Mimi nasema ing'olewe leo, tena mbele yake."

Nyemo akageuka. Alimwona Mwendwa mlangoni mwa ua, ameshika kijibuyu chake. Ndipo zikasikika fimbo mbili zikigonga ardhi. Bibi Matika aliingia katikati bila kuombwa.

"Msanjila," akasema, "mimi nilikubeba ukiwa na pele, kwa hiyo nitakuuliza. Baba yako amelala wapi?"

"Ardhi nyeupe, mama."

"Na babu yako, aliyeanza kugawa mbegu?"

"Huko huko."

"Mume wangu? Mwanangu?"

Kila mtu alijua walipo.

"Basi niambieni mimi mzee nisiyejua kitu. Shamba la wazee ni lipi? Lile la mtoni ambako hakulala hata mmoja, au lile walikolala wote? Huyu kapanda miguuni pao. Wangekuwa wamekasirika, wao ndio walio karibu, si wangeing'oa wenyewe?"

Mtu mmoja akakohoa, akajuta kukohoa. Chilewa akasema, "Mama, haya mambo ya wanaume," na mama yake akamwambia, "Kaa chini, kamasi zako nilizifuta kwa mkono huu." Akakaa.

Msanjila alikuna kidevu. "Mama, umenikalisha," akasema. "Na iote. Lakini mbegu hiyo isitoke nje ya ua wake. Asimgawie mtu, na mtu asimwombe. Desturi haiwezi kuwa na milango miwili."

"Nimesikia, baba," Nyemo akasema. Alipotoka nje, akamshika Mwendwa begani.

Mwaka ule wa pili alipata mtama wa kula miezi mitatu, na masuke ya kupanda shamba zima. Hakuchukua mbegu kwenye masuke manene ya pembezoni, palipopata samadi. Aliingia katikati, penye weupe wa kuumiza macho, akachagua yaliyosimama pale. Yalikuwa madogo, hayana sura. Chilewa alipita akamwona. "Mwaka mzima kulima, halafu unachagua vilema," akasema. Nyemo akaendelea kuchagua. Mtu mwenye kazi hana nafasi ya kujibu kila mtu.

Ukaja mwaka wa tatu, mwaka wa kupimwa.

Nyemo alipanda shamba lote. Likaota, likasimama, weupe ukawa hauonekani kwa mbali. Watu walitoka njiani kuja kutazama, wakijifanya wanatafuta mbuzi. Mwendwa alifukuza ndege kutwa mpaka sauti ikamkauka. Wajukuu zangu, hesabu zilikuwa zinakwenda vizuri, na hapo ndipo mto ukaamka.

Mvua ilinyesha juu ya vilima siku saba. Mto ukavunja ukingo. Maji yalipanda mpaka ardhi nyeupe, yakapita pembe ya shamba la Nyemo yakailaza, pembe nzima, masuke chini matopeni. Kisha yalipomaliza kuoga kwenye chumvi yakarudi nayo chini, yakasimama kwenye mashamba ya mtoni siku nyingi, mpaka jua likayanywa. Mashamba ya juu kidogo yalipona. Bonde la chini kabisa lilikuwa la Mzee Msanjila, na Msanjila alilizungushia ua wa miiba, hakuna aliyeingia. Watu walisema mzee anachagua mbegu, asisumbuliwe.

Mavuno yakaisha. Siku ya kupima ikafika, asubuhi, jua changa. Wakaja wazee, akaja Chilewa mbele, akaja Msanjila nyuma, polepole. Nyemo alipoinama kumwamkia aliona miguu yake. Kwenye vifundo palikuwa na unga mweupe, umeganda. Mpika chumvi haulizi unga huo ni nini. Alishangaa, lakini siku ile hakuwa na nafasi ya kumshangaa mtu mwingine.

Chilewa akapanda ngazi ya ghala, akachungulia, akaingiza mkono. Alipima kwa kiganja kutoka kwenye mtama mpaka kwenye mstari mwekundu. "Shubiri moja," akasema. "Umepungua shubiri moja." Na sauti yake haikuwa na furaha kubwa, niwaambie ukweli huo. Hata yeye alikuwa ameliona shamba lile likisimama.

"Ni pembe iliyochukuliwa na maji," Nyemo akasema.

"Ghala halipimi maji, shemeji." Kisha akainua macho kwenye nyumba, kupitia mlangoni, akaona juu ya moto masuke yamening'inia, meusi kwa moshi. "Na yale?"

"Yale ni mbegu."

"Hapa mbegu haikai kwa mtu. Kila punje iliyo kwako ni chakula, desturi ndivyo inavyosema. Yapure, tuyamimine, tupime tena. Nakusaidia, unaona? Yakifika mstarini, kaa na mwanao. Yasipofika, sote tumejua."

Nyemo alisimama. Aliyajua masuke yale mojamoja. Yalikuwa ya katikati ya weupe, watoto wa wale saba. Mtama wa ghalani ulitoka kila mahali, wa pembezoni na wa penye samadi, na punje ya huku na ya kule zikishachanganyika hakuna ulimi wa kuzitenganisha. Angeanza upya. Miaka mitatu, aianze upya. Halafu akamtazama Mwendwa, amekaa kizingitini, ameshika pindo la nguo kwa meno.

Mtoto ni mtoto. Nyemo aliingia ndani akayashusha masuke yote, akayabwaga juu ya ngozi ya ng'ombe katikati ya ua. Akachukua fimbo ya kupuria. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. Akainua fimbo.

"Iweke chini," Msanjila akasema.

Fimbo ikabaki juu.

"Iweke chini, mwanangu. Mbegu haipurwi ili ipimwe. Miaka yote niliyoishi sijaona jambo hilo, na leo sitalitazama."

"Mzee," Chilewa akasema, "mstari haujafika."

"Nyumbani kwako wewe, Chilewa, mtama wako ukifika mstarini, mbegu yako inakuwemo ndani?"

"Haimo. Mbegu yangu iko kwako."

"Ndiyo," Msanjila akasema. "Hilo ndilo lililonileta nikitembea polepole." Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kama mtu aliyechoka sana. "Mbegu yako haiko kwangu. Wala ya huyu, wala ya yule. Tangu maji yalipokauka shamba langu ni jeupe kama hili. Nilipanda tena, ikafa. Nikapanda mara ya tatu kwa mbegu ya mwisho ya baba yangu, nikakaa nayo usiku na mchana nikiiombea. Ikafa mbele yangu. Nimeficha kwa aibu. Mvua zijazo mtakuja na vibuyu, na sina cha kuwatilia. Bonde langu si la mwisho, chumvi inapanda kuja kwenu. Sasa ivunjeni nyumba hii, mumrudishe kwao. Halafu mniambie mbegu tutaiomba kwa nani."

Chilewa alishuka ngazi ya ghala, kidato kwa kidato.

Msanjila akainuka. Akaenda mpaka kwenye ile ngozi. Mtu aliyetoa kwa mkono mmoja maisha yake yote, na baba yake kabla yake, alinyoosha mikono miwili.

"Nilisema mtu asikuombe," akamwambia Nyemo. "Nimekuwa wa kwanza kuvunja neno langu. Nipe mbegu, mwanangu."

Nyemo akamwekea suke moja. Akaweka la pili. Akasita, akaongeza la tatu. "Usipande juu ya tuta, baba," akasema. "Panda ubavuni. Na mvua ya kwanza iache ipite."

"Ubavuni," mzee akarudia, kama mtoto anayetumwa dukani. "Ya kwanza ipite."

Mwendwa alikuwa ametoa nguo mdomoni. "Mama," akauliza, "tunahama?"

"Hatuhami," Nyemo akasema. "Leta maji, wageni wana kiu."

Mvua zilizofuata, foleni ya vibuyu iliishia mlangoni mwa tembe ile, na wa pili katika foleni alikuwa Chilewa. Alipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante kwa sauti ndogo. Nyemo akamtilia sawa na wengine, hakupunguza hata punje. Wake zake wawili walisimama nyuma yake wakitazama chini, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Basi na nyinyi, mkikua mkapewa uwanja mzuri, mshukuru. Mkipewa mbaya, msikae mkiulaani kutwa. Tazameni ni nani amesimama pale wengine walipoanguka, mkamuulize amefanyaje, hata akiwa mdogo, hata akiwa hana sura. Mchagua jembe si mkulima. Na mwenye desturi aishike, lakini asiishike kwa kufumba macho, maana hata Msanjila ilimpasa afumbue.

Hapo ndipo nilipokikuta kisa hiki, na hapo ndipo ninapokiacha. Nilikipokea kizima, nimewapa kizima. Atakayekipunguza akiwasimulia wanawe, nitajua, hata nikiwa kaburini.